Doo za Kuwasha Jua: Nani Analipia Stima ya Kesho, na Mlima Kenya Inapata Nini?

Kama unashinda TikTok lazima umekutana na hizo klipu. Msee wa koti jeupe huko Marekani anasema wamewasha jua ndani ya maabara, stima haitawahi isha, na chini ya video watu wanaulizana kama Kenya Power watafunga ofisi wiki ijayo. Tulia kwanza. Hiyo stori iko na ukweli ndani, lakini bado haijafika kwa mita yako. Na kama wewe ni msee wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu ama Meru, sehemu inakuhusu si ile inatrendi.

Inayokuhusu ni doo. Nani anatoa, anatoa ngapi, anaweza kungoja miaka mingapi, na nani anaachwa nje hesabu ikipigwa. Ukifuata hizo doo vizuri zinaanzia Ufaransa, zinapitia Olkaria, na zinakuleta mpaka darasani DeKUT na kwa bonasi ya chai ya mathe wako kule Othaya. Twende polepole.

Kwanza, hii fyusheni ni nini?

Kuna njia mbili za kutoa joto kwa kiini cha atomu. Ya kwanza ni kupasua. Unachukua atomu nzito kama ya urani, unaipasua, joto linatoka, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine na stima inatoka. Hiyo ndiyo nyuklia unaijua, ile Afrika Kusini wako nayo pale Koeberg karibu na Cape Town.

Ya pili ni kuunganisha, na hiyo ndiyo inaitwa fyusheni. Unachukua atomu nyepesi za haidrojeni unazisukuma mpaka zishikane. Ndiyo kazi jua linafanya kila siku bila kulipwa. Shida ni kwamba hizo atomu hazitaki kushikana. Ndani ya mashine ya huku chini inabidi uzichome mpaka kama nyuzi milioni 150, joto mara kumi ya lile la katikati ya jua lenyewe, halafu uzishikilie hapo bila ziguse ukuta. Hakuna sufuria ya hiyo kazi. Wengine wanatumia sumaku kubwa sana kuzifungia hewani, wengine wanapiga tone la fueli na leza kutoka kila upande.

Mbona wanasumbuka hivyo? Juu sehemu ya hiyo fueli inatoka kwa maji ya kawaida, hakuna moshi, na ikiharibika inazima tu yenyewe. Ikifaulu, ni kitu inaweza kubadilisha dunia. Sioni haja ya kuidharau.

Wamefika wapi? Pima na tokeni

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore kule California ilipiga fueli na leza za megajuli 2.05 na ikapata megajuli 3.15. Mara ya kwanza katika historia fueli kurudisha zaidi ya ile nguvu ilipigwa nayo. Dunia nzima ikashangilia, na walikuwa na haki.

Sasa badilisha hiyo kuwa tokeni. Megajuli 3.15 hazifiki hata uniti moja ya stima. Ni joto la kuchemsha kama lita 10 za maji, chai ya matanga madogo. Na zile leza zenyewe zilivuta karibu megajuli 300 kutoka kwa laini ya stima ndio ziwake, yaani kama uniti 83. Umetumia 83, umepata chini ya moja.

Oktoba 2023 mashine ya JET huko Uingereza iliweka rekodi ingine: megajuli 69 kwa sekunde kama tano, kwa fueli ya miligramu 0.2 tu. Hiyo fueli huwezi kuiona kwa kiganja, na hapo ndipo unaona kwa nini watu wanashikwa na hii ndoto. Kwa tokeni ni kama uniti 19, karibu ile unapata na jirongo. JET ilikuwa imefanya kazi tangu 1983. Miezi miwili baadaye wakaifunga, kazi yake imeisha.

Kwa hivyo sayansi inaenda mbele kweli. Lakini ni ya watu wana uwezo wa kungoja.

Ganji iko wapi

Mashine kubwa kuliko zote inaitwa ITER, inajengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa. Wenye nayo ni pande saba: Umoja wa Ulaya, Marekani, Uchina, Urusi, India, Japani na Korea Kusini. Mkataba ulisainiwa 2006. Wakati huo hesabu ilikuwa kama yuro bilioni 5 na mashine ingewashwa 2016. Leo imepita yuro bilioni 20, na Julai 2024 wakatangaza kwamba utafiti wenyewe utaanza 2034, na ile fueli kamili itaingia 2039. Mtoto amezaliwa Nyeri mwaka wa huo mkataba atakuwa na miaka 33.

Na hata hapo, ITER haitatoa uniti moja ya stima ya kuuza. Imejengwa kuthibitisha tu kwamba ukiweka joto la megawati 50 unaweza kutoa megawati 500. Mashine ya kukuletea stima nyumbani itakuwa ingine, baada ya hiyo. Kwa meza ya wenye ITER hakuna nchi hata moja ya Afrika.

Kando ya serikali, matajiri nao wameingia na speed. Kampuni za kibinafsi za fyusheni zimekusanya zaidi ya dola bilioni 9 kufikia 2025. Kwa shilingi hiyo imevuka trilioni 1, zaidi ya robo ya bajeti nzima ya Kenya ya 2025/26. Commonwealth Fusion Systems ya Massachusetts peke yake imechukua karibu dola bilioni 3, na kwa waliowekeza kuna Google na Nvidia. Sam Altman, yule wa ChatGPT, aliweka dola milioni 375 kwa kampuni ya Helion mwaka wa 2021, na Microsoft wakasaini 2023 kununua stima yake kuanzia 2028. Kama itafika hiyo 2028 tutaona.

Sasa jiulize kitu simpo. Mbona matajiri wamekuja sahi na si 1990? Juu kwa miaka 70 serikali ndizo zilikuwa zinalipa. Ile mashine ya duara ya sumaku, tokamaki, ilitoka Muungano wa Sovieti miaka ya 1950. JET ililipwa na walipa ushuru wa Ulaya. Livermore ni doo ya serikali ya Marekani. Umma ulilipia makosa yote, ukalipia mashine hazikufanya kazi, ukasomesha watu. Wakati hatari ilipungua kiasi, wadosi wakaingia na vitabu vya cheki. Hiyo form ikae kwa akili yako, juu Kenya tulishaicheza, na tukashinda.

Olkaria: siku tulikuwa na subira

Visima vya kwanza vya mvuke Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950, wakati huku Mlima Kenya watu wako kwa Hali ya Hatari na vijiji vimezungushiwa mitaro. Havikufaulu. Mradi ukalala. Miaka ya 1970 serikali na Umoja wa Mataifa wakarudi wakachimba tena. Stima ya kwanza ikatoka 1981, megawati 15 tu. Ukihesabu, ni kama miaka 25 ya kutoboa ardhi ndio upate megawati 15.

Kama ungeuliza mtu kwa baa ya Naivasha mwaka wa 1975 angekuambia ni pesa ya bure. Leo Kenya iko na zaidi ya megawati 900 za mvuke, inaongoza Afrika, na karibu nusu ya stima unatumia inatoka huko chini ya ardhi.

Na angalia vile doo zilipangwa. Kisima kimoja kinakula mamia ya mamilioni ya shilingi, na unaweza kuchimba upate kitu hakuna. Hakuna benki inataka hiyo kamari. Kwa hivyo 2008 serikali ikaunda Geothermal Development Company, GDC, kazi yake kubwa ikiwa ni kubeba hiyo hatari: wachimbe kwanza, mvuke ukipatikana ndio wawekezaji waje. Ni ile ile hesabu ya fyusheni. Umma unabeba giza, kampuni zinakuja kukiwa na mwanga.

Kwa hivyo mtu akikuambia Wakenya hatuwezi kulipia utafiti wa miaka mingi, muulize simu yake amechaji na nini.

Halafu tukaanza kuchanganya foleni

Mwaka wa 2010 Kenya ilianzisha kamati ya nyuklia ya kupasua. 2012 ikawa bodi. 2019 ikawa NuPEA chini ya Sheria ya Kawi. Mpango uliotangazwa ni kinu cha megawati 1,000 kifikapo 2034, kwa bei imekuwa ikitajwa kama shilingi bilioni 500. Kwanza ilikuwa kijengwe Uyombo, Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke na bahari ya wavuvi. Wakaazi wakakataa, 2024 wakaandamana na polisi wakawashukia. Sahi macho yameelekezwa Siaya.

Sisemi nyuklia ni mbaya. Wale vijana walipelekwa Korea Kusini kusomea hiyo kazi ni mali ya nchi. Lakini angalia namba. Wataalamu wa nyuklia duniani wako na kanuni: mashine moja isizidi kama asilimia 10 ya mtandao wako wa stima, ndio ikizima ghafla isiangushe nchi nzima. Matumizi ya juu kabisa Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka wa 2025. Kinu kimoja cha 1,000 kikikohoa, kuanzia Migori hadi Maua ni mishumaa. Unakumbuka Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima mpaka uwanja wa ndege ukawa giza? Mtandao wetu ni mwembamba tayari.

Na kuna kitu kinauma zaidi. Usiku watu wakilala, matumizi yanashuka na mvuke mwingine wa Olkaria unaachiliwa hewani juu hakuna wa kuutumia. Halafu saa moja jioni kila mtu akiwasha taa, stima inakuwa haitoshi na kuna mitaa inazimiwa. Stima iko, lakini haiko saa ile inatakiwa wala mahali inatakiwa. Dawa ya hiyo ni kuhifadhi, ni laini nzuri, ni mashine ndogo karibu na watu. Na hapo ndipo tunafika nyumbani.

Mlima wenyewe unasema nini

Maji ya Kirinyaga na Nyandarua yamekuwa yakiwashia Kenya taa kabla wengi wetu tuzaliwe. Kindaruma ilianza 1968, halafu Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere, zote kwa mto Tana. Na Tana inaanzia hapa kwetu, kwa Sagana, Gura, Chania, Thiba na ndugu zao.

Lakini stori tamu ni ya zile ndogo. Huko Nyeri mto Gura umewekewa kituo cha karibu megawati 6, na wenye nacho ni wakulima wa chai kupitia kampuni ya stima ya KTDA. Kinalishia viwanda vya huko Othaya kama Chinga na Iriaini, na ikibaki inauzwa Kenya Power. Meru, kiwanda cha Imenti kilitangulia na kakituo ka karibu megawati 1. Elewa hesabu yake: stima ni moja ya gharama kubwa za kukausha chai. Kiwanda kikilipa stima kidogo, kinachobaki kinarudi kwa mkulima. Ile bonasi ya Oktoba inayokulipia karo ama inayomaliza deni la duka, sehemu yake inaamuliwa na maji yanashuka bondeni.

Na kabla ya hapo, Mbuiru huko Tharaka Nithi, wanakijiji walichimba mfereji kwa mikono yao na kujenga mradi wa Tungu-Kabiri, kilowati 18 tu, kwa usaidizi wa wataalamu na wafadhili wa nje. Familia kama 200. Megawati za ITER zinacheka hizo kilowati, lakini zilifika kwa watu.

Sasa shida. Hiyo mito inabadilika. Barafu ya Lewis, ile kubwa ya Mlima Kenya, imebaki kakipande. Mvua inakuja ikitaka. Nani anapima Gura kila siku kujua itakuwa na maji gani 2045? Nani anatafiti betri itashikilia stima ya mchana ifike jioni Karatina soko ikiwa bado imejaa? Hakuna tajiri wa Massachusetts atakuja kufanya hiyo kazi. Si shida yake. Utafiti wa mto wako ni wewe unalipia ama haufanyiki.

Na watu wa kuufanya wako. DeKUT, hapo barabara ya kuenda Mweiga, ilianza miaka ya 1970 kama Kimathi Institute of Technology, kwa harambee. Wakulima wa kahawa na wazee wa Nyeri walitoa, wakaweka kwa chuo cha ufundi juu waliamini watoto wao watashika mashine. Hiyo ilikuwa bajeti ya utafiti kabla serikali ifikirie jina lake. Leo ndani ya hicho chuo kuna taasisi ya kufundisha na kutafiti mambo ya mvuke wa ardhini, na kuna kampuni ya chipu, Semiconductor Technologies Limited. Nyeri, msee. Si Silicon Valley.

Wakati STL ilitaka kupiga hesabu ya kupanuka mwaka wa 2024, doo za kufanyia hiyo hesabu zilitoka shirika la serikali ya Marekani, USTDA. Shukrani kwao. Lakini mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Anayelipia utafiti ndiye anaamua utafiti uwe wa nini.

Sheria iko, doo haziko

Hii sehemu soma mara mbili. Mwaka wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Ndani yake kuna Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, na imeandikwa wazi kwamba Hazina itaweka humo kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Si ahadi ya kampeni. Ni sheria.

Pato la taifa mwaka wa 2024 lilikuwa kama shilingi trilioni 16. Asilimia 2 ni zaidi ya bilioni 300. Kila mwaka. Huo mfuko haujawahi kukaribia hapo. Namba imekuwa ikizungushwa miaka yote ni kama asilimia 0.8 kwa utafiti wote nchini, ukiweka kila kitu pamoja, na hesabu za UNESCO za 2010 zilionyesha karibu nusu ya hiyo ilitoka nje ya nchi. Yaani hata utafiti wetu wa mahindi na malaria, mtu mwingine alikuwa ameshika kamba.

Wakati huo huo, mpango mpya wa kulipia vyuo ulikuja 2023, watu wakapangwa kwa bendi kulingana na umaskini wao, wengine wakawekwa bendi hawaielewi mpaka leo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo haulingani na Katiba, kesi ikaenda rufaa. Katikati hapo kuna msichana wa Kerugoya anasomea uhandisi wa umeme, amefika mwaka wa tatu, na hajui kama atafanya mtihani. Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo najua hesabu ya mtu kama huyo haihusu nyuzi milioni 150. Inahusu jioni hii.

Huwezi kuongea mambo ya fyusheni, ya kupasua, ya mvuke, ya chipu, kama huyo msichana anarudi nyumbani kuuza nguo. Mashine zinanunuliwa. Mtu anachukua miaka kumi.

Lakini si tutaachwa nyuma?

Hili swali ni la haki. Kuna wenye wanasema: Afrika kila mara inaambiwa ishughulikie mambo madogo, kakituo hapa, taa ya sola pale, halafu wakubwa wanamiliki teknolojia na tunainunua bei ya kuumiza. Wako sawa. Ethiopia waliambiwa bwawa lao haliwezekani, wakachangisha kwa dhamana za wananchi na pesa zao wenyewe, na Septemba 2025 wakazindua megawati 5,150. Sisi tunanunua stima kutoka kwao.

Lakini Ethiopia hawakuanza na kitu hawana. Walianza na mto wao. Jibu si kujenga ka-ITER Siaya. Jibu ni kutafuta mahali fyusheni inapita karibu na kitu tayari tuko nacho. Na mahali hapo papo.

Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Quaise, imezaliwa 2018 kutoka kwa kazi ya maabara ya fyusheni ya chuo cha MIT. Wale jamaa wa fyusheni wako na kifaa kinaitwa jairotroni, kinatoa mawimbi makali ya kuchemsha plazima. Mtu mmoja huko akawaza: kama hii inaweza kuchemsha plazima, si inaweza kuyeyusha mwamba? Sasa wanaitumia kuchimba visima vya mvuke bila keekee ya chuma kugusa jiwe. Mwaka wa 2025 walitoboa zaidi ya mita 100 za mawe magumu huko Texas. Bado ni mapema, lakini fikiria. Kitu ghali kuliko vyote Olkaria na Menengai ni kuchimba. Na chombo cha kupunguza hiyo gharama kinaweza kutoka kwa fyusheni, hata kama fyusheni yenyewe haitawahi kukuletea uniti moja.

Kenya iko na visima, iko na mainjinia wa mvuke wanaitwa nchi zingine kufundisha, na Nyeri iko na taasisi ya hiyo kazi pamoja na watu wa chipu ndani ya geti moja. Hicho ndicho kiti chetu kwa hiyo meza. Tunakipata kwa kusomesha watu wa plazima, wa vyuma vya kuvumilia joto, wa vifaa vya umeme mkubwa. Hao hao watatengeneza mtambo wa Gura ukiharibika, na hao hao Cadarache watawapigia simu. Doo zake ni kidogo sana ukilinganisha na bilioni 500.

Ningekuwa ndiye nashika kalamu Hazina

Foleni yangu ingekuwa hivi. Mbele kabisa, watu: karo na maabara za vyuo vya uhandisi, ndio asiache mtu njiani. Nyuma yake, mtandao na kuhifadhi stima, tuache kumwaga mvuke usiku na kuzima mitaa jioni. Halafu mvuke na mito, pamoja na kupima hiyo mito kwa miaka, si kwa semina moja ya hoteli. Halafu hako kakiti ka fyusheni, kadogo lakini ka kila mwaka, bila kukatwa serikali ikibadilika. Kinu cha megawati 1,000 kingoje mpaka mtandao ukue uweze kukibeba na wenye ardhi wakubali.

Unaweza kupanga tofauti. Labda wewe unaona nyuklia ije kwanza, juu viwanda haviwezi kungoja. Sawa, tubishane. Lakini tubishane tukiwa na namba, si klipu.

Na mahali pa kubishania pako. Juni 2024 vijana wa Nyeri, Karatina na Nanyuki walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, na barabara zikajua. Mswada wa Fedha unasema doo zitatoka wapi. Zitaenda wapi inaamuliwa mapema: Taarifa ya Sera ya Bajeti lazima iwe imefika Bungeni tarehe 15 Februari, na makadirio ya matumizi tarehe 30 Aprili. Ukingoja Juni umekuta sahani zimeoshwa.

Kwa hivyo Februari ikifika, tafuta hiyo taarifa, ni ya umma. Enda kwa ukurasa wa utafiti. Angalia Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti umepewa ngapi. Weka hiyo namba kando ya asilimia 2. Halafu mbunge wako akija soko ya Karatina ama Chaka kusalimia watu, muulize mbele ya watu: ile ingine iko wapi? Usimuulize kuhusu jua la Ufaransa. Muulize ya sheria ya 2013, na usiondoke mpaka ataje namba.